UZI: Leba ya Marekani na mama Mweusi. Shahada haiokoi, hela haiokoi

Nesi wa Zamu · #1

Habarini wakuu,

Kila baada ya muda humu unaibuka uzi wa kwenda kuzalia Marekani. Watu wanaulizana viza, gharama za hospitali, mtoto atapata pasipoti lini. Picha zinabandikwa: chumba cha peke yako, kochi la baba, televisheni ukutani. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi ni nesi wa leba hapa Texas, na kuna upande ambao sijaona mtu akiugusa. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aupitie baadaye.

Naanza na takwimu maana najua mtaziomba. Mwaka 2023 Marekani ilipoteza kina mama 669 kwa sababu za uzazi. Katika kila vizazi hai 100,000, Wazungu walikufa 14.5. Weusi walikufa 50.3. Mwaka mmoja nyuma, 2022, ilikuwa 19.0 kwa 49.5. Kwa hiyo Wazungu walishuka, wenye asili ya Amerika ya Kilatini walishuka kutoka 16.9 hadi 12.4, Weusi wakabaki palepale. Wakati wa korona, 2021, Weusi walifika 69.9.

Ukimwambia mtu hivi, jibu la kwanza ni "umaskini huo". Haya, CDC, ile taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, walichambua vifo vya 2007 hadi 2016 kwa kuangalia elimu ya marehemu. Mwanamke Mweusi mwenye shahada alikuwa kwenye hatari mara 5.2 ya Mzungu mwenye shahada kama yake. Sasa linganisha huyohuyo msomi Mweusi na Mzungu ambaye hata sekondari hakumaliza. Msomi bado yuko kwenye hatari zaidi, mara 1.6.

Hao hao CDC walikuwa na mtafiti wao Atlanta, Shalon Irving, mwenye shahada ya uzamivu, afisa wa jeshi la afya ya umma, na kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa nini magonjwa yanawaonea watu wa rangi fulani. Alijifungua Januari 2017 akiwa na miaka 36. Wiki zilizofuata alirudi kliniki mara kwa mara: mshono, miguu kuvimba, kichwa, presha. Siku ya mwisho presha ilisoma 174 kwa 118. Akaandikiwa dawa, akarudishwa nyumbani. Jioni ileile alianguka. Alizikwa akiacha kichanga cha wiki tatu, kikalelewa na bibi yake.

Nawaambia kama nesi: presha ya 160 kwa 110 kwa mzazi ni dharura. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa hapa unataka apewe dawa ya kuishusha ndani ya dakika 30 hadi 60. Mtu wa 174 hatoki mlangoni kwenda kutafuta duka la dawa.

Mkisema labda ni daktari mbovu mmoja, twende kwa Serena Williams. Septemba 2017 amejifungua kwa upasuaji, kesho yake pumzi inakata. Anajijua, ana historia ya damu kuganda. Anamwambia nesi: nahitaji kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha, na dripu ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi anafikiri dawa za maumivu zimemchanganya. Anasisitiza. Daktari anakuja anampima miguu kwa ultrasaundi. Hamna kitu. Ndipo wanampeleka CT, na kweli mapafuni kuna mabonge ya damu. Huyu ni bingwa wa mataji 23 makubwa ya tenisi, na ilibidi abishane kwanza.

Halafu kuna kile kikosi cha Marekani cha 4x100 kilichochukua dhahabu Rio 2016: Tianna Bartoletta, Allyson Felix, English Gardner na Tori Bowie. Allyson alipata presha kali ya mimba 2018, mtoto akatolewa akiwa na wiki 32. Tianna leba ilimshika wiki ya 26. Tori Bowie alikutwa amekufa nyumbani kwake Florida mwaka 2023, mimba ya miezi minane, ameshaanza leba, na ripoti ya uchunguzi wa mwili ikataja kifafa cha mimba kama sababu inayowezekana. Wakimbiaji wanne wenye afya kuliko sisi wote humu, watatu uzazi uliwatikisa, na mmoja kati ya hao watatu ukamzika.

Wenye maswali karibuni, niko likizo kidogo.

Mzee wa Kitambi · #2

Mkuu asante kwa uzi. Ila tuseme ukweli bila kuoneana haya. Hao Weusi wa huko wanakula ovyo, wana uzito, presha na sukari tangu ujanani. Sasa hapo daktari alaumiwe kwa lipi? Na labda damu yetu ndivyo ilivyo tu, presha iko kwenye ukoo.

Nesi wa Zamu · #3

Mzee wangu, la presha uko sahihi nusu. Kwa wanawake Weusi wa hapa, moyo na mishipa ya damu ndivyo vinavyoongoza kuua. Lakini kamati za majimbo zinazopitia vifo hivi, faili kwa faili, zilikuta katika vifo vya 2017 hadi 2019 zaidi ya vinane katika kila kumi vingeweza kuzuilika. Mgonjwa alikuwa na presha, sawa. Presha inatibika. Swali ni kwa nini huyu ilitibiwa na yule akaambiwa akapumzike.

La damu na ukoo ndilo linalotuhusu zaidi sisi tuliotoka nyumbani. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Chicago, David na Collins, walilinganisha uzito wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois. Watoto wa Wazungu wazawa wa Marekani: wastani gramu 3,446. Watoto wa wanawake Weusi waliozaliwa Afrika: 3,333. Watoto wa Weusi wazawa wa Marekani: 3,089. Kama ingekuwa damu ya Kiafrika, sisi tuliotoka Afrika kabisa ndio tungekuwa mkiani, maana wenzetu wa huku wamechanganyika na Wazungu kwa vizazi na vizazi. Imekuwa kinyume.

Na kuna sehemu ya pili. Miaka michache baadaye waliwafuatilia mabinti wa wahamiaji, waliozaliwa na kukulia hapa, walipozaa wao. Kwa wahamiaji wa Kizungu, wajukuu walikuwa wazito kuliko mama zao walivyozaliwa. Kwa wahamiaji Weusi uzito ulishuka. Kizazi kimoja tu cha kukulia Marekani, na ile nafuu tuliyokuja nayo imeanza kuyeyuka.

Profesa Arline Geronimus wa Chuo Kikuu cha Michigan amelisema hili tangu 1992: mwili unaoishi kwa tahadhari miaka yote, polisi, bosi, mwenye nyumba, mlinzi anayekufuata dukani, unazeeka kabla ya umri wake. Presha ya miaka 45 unaikuta kwa mtu wa 30. Kwa hiyo mzee ukisema "wana presha tangu ujanani" umetaja ugonjwa, hujataja ulikotoka.

Kipanga wa Dodoma · #4

Mnisamehe, ila haya mambo ya watu walioshiba. Vifo 50 kwa 100,000 ndio mnalia? Huku utafiti wa 2022 umetupa 104, na tumeshangilia kwa sababu ule wa 2015/16 ulikuwa 556. Njooni wilayani mwone mama anabebwa kwa bodaboda usiku.

Nesi wa Zamu · #5

Kaka, nimefanya kazi wilayani kabla ya kuja huku, sihitaji kusimuliwa bodaboda. Na nimefurahi sana na 104. Nyumbani mama anakufa kwa sababu damu haipo kwenye friji au gari limechelewa, ndiyo maana ule mfumo wa m-mama wa kupiga 115 upate usafiri wa dharura umesaidia, umegusa palepale penye kidonda. Hapa damu ipo, chumba cha upasuaji kipo ghorofa hiyohiyo, daktari wa usingizi yuko macho. Mzungu wa kitanda cha pili vyote hivyo vinamfikia. Mimi naongelea pengo kati ya vitanda viwili vya jengo moja.

Ingawa niongeze, mara nyingi hata jengo si moja. Daktari Elizabeth Howell alipochambua hospitali za Marekani alikuta robo tu ya hospitali ndizo zinazozalisha robo tatu ya wanawake Weusi. Wazungu wanaozalia kwenye hospitali hizo hawafiki hata mmoja kwa watano. Na hizo ndizo zenye matokeo mabaya kwa kila anayezaa pale, hata Mzungu akiingia.

Mama Pacha · #6

Niko Leeds, Uingereza. Nilikuwa nafikiri haya ni ya Marekani kwa sababu ya bima zao za ajabu. Huku matibabu ya uzazi ni bure, mkunga anakufuata nyumbani. Ila ripoti ya MBRRACE, wale wanaochunguza vifo vya uzazi huku, ya miaka 2014 hadi 2016 ilisema mama Mweusi wa Uingereza anakufa mara tano ya Mzungu. Ndipo akina dada wawili wakaanzisha kampeni ya Five X More. Miaka ya karibuni pengo limepungua, bado liko juu ya mara mbili. Kwa hiyo hata ukiondoa bima, kitu kinabaki.

Mimi nilipozaa hawa pacha niliambiwa "wanawake wa kwenu wana nguvu, utaweza". Nilikuwa naomba dawa ya maumivu jamani. Sikuomba sifa.

Tiba Mwaka wa Nne · #7

Dada Mama Pacha, hilo la "wana nguvu" lina historia chafu. Miaka ya 1840 kule Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alijifunza kushona fistula kwa kuwapasua wanawake watumwa. Tunaowajua kwa majina ni Anarcha, Betsey na Lucy. Bila dawa ya usingizi. Anarcha alipasuliwa mara kama 30. Sims akaitwa baba wa tiba ya wanawake, na sanamu yake ilikaa Central Park, New York, mpaka Aprili 2018 ilipong'olewa.

Mkidhani hayo ni ya kale, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga maswali kama "ngozi ya mtu Mweusi ni nene kuliko ya Mzungu?" Nusu yao waliafiki angalau uongo mmoja wa aina hiyo, na hao ndio waliopima maumivu ya mgonjwa Mweusi kuwa madogo.

Halafu kikokotoo cha kujua kama mama aliyepasuliwa anaweza kuzaa kawaida safari ijayo. Mpaka 2021 kilikuwa na kisanduku cha rangi. Ukibonyeza Mweusi, alama zinashuka. Umri uleule, uzito uleule, historia ileile. Anaambiwa bora tukupasue tena.

Nesi wa Zamu · #8

Hapo mdogo wangu umenena, na kuna la New Jersey linaloendana na hilo. Wachumi walichambua karibu vizazi milioni moja vya 2008 hadi 2017 na kukuta mama Mweusi anapasuliwa kwa upasuaji usiopangwa karibu asilimia 25 zaidi ya Mzungu mwenye hali ileile ya kiafya. Lakini chumba cha upasuaji kikiwa na mtu tayari, tofauti inatoweka. Chumba kikiwa wazi, anapelekwa. Kila kovu la upasuaji linaongeza hatari ya mimba inayofuata, kondo kung'ang'ania kwenye kovu, damu. Hii moja inanikera kuliko zote.

Binti Uvira · #9

Shikamoni wakubwa. Mimi ni wa Uvira, tulikuja Kentucky kama wakimbizi kupitia kambi ya Nyarugusu. Kizungu sikujua. Nilipojifungua, mwenye kunitafsiria alikuwa mtoto wangu mwenyewe wa kiume, alikuwa bado shule ya msingi. Sasa mama utamwambiaje mtoto wako damu inakutoka wapi na inatoka namna gani? Nilisema "sema mama anaumwa tumbo". Yeye akasema tumbo. Wakanipa dawa ya tumbo. Ni nesi mmoja wa usiku, mwanamke Mweusi, ndiye alifunua shuka akaona mwenyewe. Niliongezwa damu. Hospitali siitaji, Mungu anawajua.

Nesi wa Zamu · #10

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Wenye ndugu wakimbizi huku wapelekeeni hili: hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali, na karibu zote zinapokea, kisheria inatakiwa ikupe mkalimani bure. Kiswahili kipo, kwa simu au kwenye skrini, hata saa nane usiku. Hawatakiwi kumtumia mtoto. Ukijua maneno mawili tu ya Kiingereza, yawe "Swahili interpreter", na uyarudie mpaka skrini iletwe.

Kuhusu hiyo damu. Zamani tulikuwa tunakadiria kwa macho, na jicho linapunja. Siku hizi kwenye wodi nyingi pedi na mashuka tunavipima kwenye mizani. Unatoa uzito wa pedi kavu, gramu moja iliyobaki ni kama mililita moja ya damu. Ikipita lita moja, kuna hatua zimeandikwa ukutani, na mizani haina habari na rangi ya mtu. California walianza utaratibu wa namna hii kupitia shirika lao lililoundwa 2006, pamoja na toroli lenye vifaa vyote vya dharura ya damu, na kufikia 2013 vifo vya uzazi vya jimbo vilikuwa vimeshuka zaidi ya nusu. Weusi nao walishuka. Pengo lenyewe halikufutika, ila wapo watu wanaokula ubwabwa na wajukuu leo kwa sababu ya mizani.

Baba Mtarajiwa · #11

Wakuu uzi umeniondolea usingizi. Mke wangu ana miezi sita, tuko Columbus, Ohio, mimba ya kwanza. Nesi wa Zamu naomba uniambie kama shemeji yako, mimi mwanaume pale chumbani nafanya nini? Nikipaza sauti wataniitia walinzi.

Nesi wa Zamu · #12

Shemeji, hofu yako naielewa, na haikutoka hewani. Kuna mwanaume anaitwa Charles Johnson, mkewe Kira alipasuliwa mchana Los Angeles, Aprili 2016, mtoto wa pili. Mume aliona mrija wa mkojo unageuka mwekundu. Akaomba kipimo. Saa zikapita, akaomba tena, kwa adabu, kwa sababu alijua mwanaume Mweusi akifoka nini kinafuata. Akaambiwa mkewe si wa kipaumbele kwa sasa. Walipomrudisha chumba cha upasuaji usiku wa manane walikuta lita tatu za damu tumboni. Alikufa. Charles alikwenda kulisema hilo mbele ya Bunge la Marekani, na Desemba 2018 ikapita sheria ya kufadhili zile kamati za kupitia vifo nilizozitaja juu.

Kwa hiyo usipaze sauti, tumia karatasi. Ukiomba kipimo wakakataa, sema kwa upole: "Naomba uandike kwenye faili kwamba tumeomba na umekataa, na sababu." Nimeona mara nyingi kipimo kikipatikana dakika hiyohiyo. Ikishindikana, mwite nesi msimamizi wa zamu. Kila wodi anaye. Andika kwenye simu yako saa na presha kila inapopimwa.

Kabla ya hapo, kliniki ijayo mkeo aulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo, miligramu 81. Mwongozo wa kitaifa wa 2021 unaihesabu mimba ya kwanza kuwa kigezo kimoja cha hatari ya kifafa cha mimba, na kuwa Mweusi kigezo kingine, na wameandika wazi kwamba ni kwa sababu za kijamii, si za kibaolojia. Asianze mwenyewe, amwulize daktari. Kama mnaweza kupata doula, yule msindikizaji wa mzazi, mchukueni. Ulizieni kama Medicaid ya jimbo lenu, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inamlipia.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaipuuza. Katika vifo vya 2017 hadi 2019, zaidi ya nusu vilitokea kuanzia wiki moja baada ya kujifungua hadi mwaka mzima. Nyumbani mzazi anakandwa maji moto, uji wa pilipili manga, shangazi hatoki mpaka arobaini, na mtu akimwona amevimba uso anasema. Huku anatoka hospitali siku ya pili, miadi mara nyingi ni wiki ya sita, na likizo ya uzazi yenye malipo hakuna sheria ya nchi inayoilazimisha. Macho ya shangazi ndiyo yanayokosekana. Basi wewe ndiye shangazi. Kichwa kisichosikia dawa, kuona nyotanyota, uso na mikono kuvimba, pumzi fupi akilala chali, mguu mmoja kuuma na kuvimba, pedi kulowa ndani ya saa moja, au akianza kusema mngekuwa na amani bila yeye: usisubiri miadi. Hilo la mwisho lisionewe haya, afya ya akili iko juu kabisa kwenye orodha ya vinavyoua wazazi wa nchi hii. Ipo simu ya bure ya saa 24, 1-833-852-6262. Na mkifika dharura, neno la kwanza liwe "amejifungua wiki kadhaa zilizopita". Wasipolisikia hilo watamtibu kama mtu yeyote mwenye kichwa.

Medicaid baada ya kujifungua zamani iliisha siku 60. Sasa karibu majimbo yote yameongeza hadi miezi 12, hata hapa Texas tangu Machi 2024. Kwa hiyo asikwambie mtu kadi imekufa bila kuhakikisha.

Mzee wa Kitambi · #13

Nimesoma mpaka chini. Binti yangu yuko Minneapolis, ana mimba. Namtumia uzi huu usiku huu.

Baba Mtarajiwa · #14

Ubarikiwe sana shemeji. Swali la mwisho: nataka kununua kipimo cha presha cha nyumbani. Kuna vya kuvaa kwenye kifundo kama saa, bei nafuu. Vinafaa?

Nesi wa Zamu · #15

Hapana, chukua cha mkono wa juu. Cha kifundo mkono ukishuka kidogo tu kinatoa namba za ajabu. Na pima mzingo wa mkono wake kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kununua, kitambaa kikiwa kidogo kinasoma presha ya juu kuliko iliyopo. Siku ya kliniki nendeni nacho, mlinganishe na cha kwao.